Delegeti: rejea inayobeba methodi pamoja na mwenyewe

Delegeti ni aina ya data inayotunza rejea ya methodi, ili sehemu nyingine ya programu iiite baadaye bila kuijua kwa jina. Anders Hejlsberg aliweka wazo hili katika Delphi mwaka 1995, kisha akahamia nalo Microsoft, ambako liliingia katika Visual J++ mwaka 1998 na C# mwaka 2002.

Mfano ni programu ya kaunta katika duka la Buyenzi, mtaa wa Waswahili jijini Bujumbura. Wateja huzungumza Kirundi, Kiswahili au Kifaransa, na kila mmoja anataka risiti ya lugha yake. Bila delegeti, kaunta hujaa masharti, na kila lugha mpya hulazimu msimbo wake ufumuliwe. Kwa delegeti, kaunta hutangaza tu umbo la methodi inayoihitaji, hapa kwa C#:

delegate string Risiti(int faranga);

Risiti andika = mwandishi.KwaKiswahili;
string karatasi = andika(5000);

Katika mstari wa pili, KwaKiswahili haina mabano: methodi inashikwa, haiitwi. Inaitwa katika mstari wa tatu. Methodi isiyolingana na umbo lililotangazwa hukataliwa na kompaila kabla programu haijaanza kazi.

Ndani ya delegeti mna vitu viwili: anwani ya methodi na objekti yenye methodi hiyo. Hapo ndipo inapoachana na pointa ya lugha ya C, ambayo hubeba anwani peke yake. Ikiwa objekti mwandishi inatunza jina la duka na namba ya risiti, methodi huvikuta vyote inapoitwa. Methodi tuli haina objekti, hivyo nafasi hiyo huwa tupu.

Kwa alama ya +=, delegeti moja huunganisha methodi kadhaa: kuchapa risiti, kupunguza bidhaa stoo, kujaza daftari la mauzo. Huitwa kwa mpangilio zilivyoongezwa, na jibu linalorudi ni la mwisho. Moja ikirusha hitilafu isiyodakwa, zilizobaki haziitwi.

Kubeba objekti kuna gharama yake. Dirisha la kaunta likifungwa bila methodi yake kuondolewa kwa -=, delegeti huendelea kulishikilia, nalo hubaki kwenye kumbukumbu maadamu delegeti yenyewe ingali inatumika.