Nyama ya Chicago: Nani Alilindwa?

Riwaya ya Upton Sinclair, The Jungle (1906), inamfuata Jurgis Rudkus, mhamiaji kutoka Lithuania, katika viwanda vya nyama vya Chicago. Humo nyama iliyooza inauzwa, na kibarua anayetumbukia katika birika la mafuta anauzwa pamoja nayo. Wasomaji walichafukwa na roho. Rais Roosevelt akatuma wachunguzi, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya ukaguzi wa nyama.

Lakini, ndugu msomaji, gharama alilipa nani? Si makampuni, bali hazina ya umma, huku mhuri wa serikali ukiwarudishia mabepari imani ya wateja. Ujira wa kibarua sheria haikuugusa.

Kasoro ya kitabu iko mwishoni: zinatawala hotuba, na Jurgis, tuliyemjua kwa jasho lake, anabaki msikilizaji.