Mkono wa Kuvundika

Kwenye masoko ya Katoro na Nyarugusu, mkoani Geita, siku hizi unga mweupe wa makopa umejaa tele, wa muhogo uliokauka juu juu ukakimbizwa mashineni. Udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, ndio wa kuulizia. Ukiupata, anayeuuza ni mama mtu mzima, na binti zake hawako naye. Majirani zangu wananiambia muhogo ni muhogo tu. Mimi nasema hapana, na nitasema hivyo mpaka nichoke.

Nimekaa na mama mmoja, nyuma ya vilima vya Nyarugusu, nikamtazama akivundika. Mihogo yake ni ile michungu ambayo nguruwe pori wanaiacha na wezi wanaiogopa. Anaimenya, anaianika hadi ishike ukavu kwa nje na si zaidi, kisha anaipanga lundo pembeni mwa nyumba na kuifunika kwa magunia yaliyobadilika rangi kwa uzee. Magunia hayo hayafuliwi. Gunia jipya, aliniambia, linachelewesha. Hakunieleza zaidi ya hapo, wala hakuhitaji, kwa maana nyuzi zile kuukuu zimebeba kuvu za mavundiko yote yaliyotangulia, na kila lundo jipya linapokea vijidudu ambavyo kazi hiyo vimeshaifanya mara nyingi.

Lundo la pili lilikuwa limefika siku yake. Alipofunua, joto lilitupanda usoni. Ukungu ulikuwa mweupe, wenye mabaka meusi, na hapa na pale rangi ya chungwa iliyoiva. Alibonyeza muhogo mmoja kwa dole gumba, akaumega, akaunusa kwa muda mrefu.

"Mayu, unajuaje kwamba umefika?"

"Sikia harufu. Ukinuka ubichi, funika. Ukinuka uvundo, umeshachelewa."

Katikati ya harufu hizo mbili ipo ya tatu, ambayo hakuipa jina na mimi nimeshindwa kuipa. Ni ya uchachu, ina utamu kidogo, na inakaa kwa muda mfupi sana. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiingojea. Baada ya hapo alichukua kisu akaanza kukwangua ukungu, muhogo mmoja mmoja, bila kuruka hata mmoja, na iliyoota utelezi akaitupa mbali bila kuihurumia. Iliyobaki aliiponda mabonge madogo akaitandaza juu ya jabali. Unga wake utakuwa wa kijivu kidogo, na ugali wake utavutika mkononi na kushuka kooni bila kusukumwa na maji. Mtu aliyekulia kando ya ziwa letu la Victoria akiuonja ugenini, anajua yuko nyumbani kwa nani.

Ndani ya muhogo mchungu mna linamarini, iliyofungia ndani yake sumu ya sayanaidi, na mna pia kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Mzizi ukiwa mzima, viwili hivi vimetengana. Kuvu zinapoilainisha nyama ya muhogo, kuta za seli zinavunjika, linamarini inakutana na kimeng'enya chake, na sayanaidi inatoka na kupotelea hewani. Watafiti waliochunguza muhogo wa kuvundikwa nchini Uganda katika miaka ya 1990 walizikuta humo kuvu za jamii ya Rhizopus na Neurospora. Hiyo Neurospora ndiyo yenye rangi ya chungwa. Mama zetu walikuwa wanaifuga kabla ya yeyote kuiandika kitabuni.

Na hii ndiyo ajabu ya nchi yetu. Sumu ambayo mama huyu anaifukuza chakulani ndiyo inayoletwa Geita kwa madumu. Tangu 1887, John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest walipoonyesha kule Glasgow kwamba sayanaidi inaitoa dhahabu katika mawe, machimbo ya dunia nzima yameitegemea. Mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, unaitumia, na wachenjuaji wadogo wanaloweka visusu vyao, mchanga uliokwisha kusagwa, kwenye matangi ya sayanaidi ili wapate chembe ambazo zebaki ilishindwa kuzikamata. Kuiondoa katika maji ya mgodini ni kazi nyingine. Mgodi wa Homestake, South Dakota, mwaka 1984 ulianza kuyasafisha maji yake kwa bakteria wanaoila sumu hiyo. Wahandisi wakajifunza kuwalisha, kuwapa hewa na kuwangoja. Kungoja huko ndiko ninakokusifu.

Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakaanzia kwenye kisamvu. Jani la muhogo lina kimeng'enya kingine, haidroksinitrili liasi, ambacho kazi yake ya asili ni kuiachilia sayanaidi jani linapotafunwa. Kule Stuttgart, Franz Effenberger na wenzake walikigeuza njia. Walikipa sayanaidi pamoja na kemikali nyingine, nacho kikaziunganisha. Molekuli za namna hiyo huja za sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na mitambo ya kawaida inazitoa zote mbili zikiwa zimechanganyika. Kimeng'enya cha kisamvu kinatoa mkono mmoja tu. Katika miaka ya 1990 walichukua jeni yake wakaipandikiza ndani ya bakteria, Escherichia coli, ili kipatikane kwa wingi. Molekuli kubwa zilipokwama mlangoni, waliondoa tofali moja tu la kimeng'enya hicho, triptofani iliyo nafasi ya 128, wakaweka alanini iliyo ndogo zaidi, na mlango ukapanuka. Miongoni mwa vitu walivyoweza kutengeneza ni kipande kinachohitajika katika dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi, jamii ile ile tunayoijua kwenye vyandarua vyetu. Jani tunalotwanga kwenye kinu jioni! Nani kati ya watoto wetu ameambiwa hili darasani?

Turudi kwenye kungoja, kwa maana haraka tumeshaionja. Mwaka 1985, kule Tarime, ukame ulipobana, watu walikula muhogo mchungu ambao haukupewa siku zake. Miguu ilikakamaa ghafla, ya watoto na ya kina mama hasa, na ugonjwa huo hauna kurudi nyuma. Bandundu, Kongo, barabara ya lami ilileta wafanyabiashara wenye malori, na siku tatu za kuloweka zikapunguzwa hadi moja ili mzigo uwahi. Huko nako miguu ikakakamaa. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yao. Waliijua kazi, ila njaa na soko viliwanyima siku mbili.

Sizikatai mbegu mpya. Magonjwa ya batobato na michirizi kahawia yametumalizia mashamba, na kazi ya watafiti wa Ukiriguru tunaila kila siku. Lakini naona mbegu ikibadilika, mashine ikija, na hakuna anayeuliza kilichokuwa kwenye magunia. Wachimbaji wanatunza kila gramu ya mchanga uliokwisha kusagwa, kwa kuwa huenda kesho ukapatikana ufundi wa kuukamua tena. Kuvu zilizochaguliwa kwa pua za kina mama, kizazi baada ya kizazi, katika nchi iliyojaa sayanaidi, tunaziacha zife pamoja na wenyewe. Mama yule amezeeka, na binti zake wanauza vocha Katoro. Natamani kijana mmoja wa maabara, mwenye vichupa safi na subira, apande huko msimu huu, amwamkie kwa adabu, akae naye mpaka lundo lifunuliwe, kisha amwombe kipande cha gunia.