Jiwe la Mlango wa Ngome

Msomaji, ukitoka Kisauni kwa Daraja la Nyali, au ukivuka kwa feri ya Likoni, ukafika Ngome ya Yesu kisiwani Mombasa, usipite mlangoni upesi. Pana jiwe lililoandikwa kwa Kireno. Lisome kama usomavyo kitabu, maana jiwe nalo lina mtungaji, na mtungaji ana makusudi yake.

Maandishi hayo, yenye mwaka 1635, yamsifu Francisco de Seixas Cabreira, kapteni wa ngome, umri wake miaka 27. Yasema kwamba aliijenga ngome upya, akaitiisha pwani ya Malindi iliyokuwa chini ya mfalme dhalimu, akabomoa kuta za Pate na Siyu, akawaua wakuu wa Pemba, akawaadhibu watu wa bara walioitwa Musungulos. Kisha yahesabu vyeo alivyotunukiwa.

Kwa utungaji ni mazuri: ni mafupi, na kila neno lina kazi. Lakini mfalme huyo dhalimu hatajwi jina. Ndiye Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, aligombana na kapteni Mreno akakimbilia bara, upande wa Rabai. Mwaka 1614 aliuawa huko na hao hao Musungulos, kwa ujira wa Wareno. Mtoto, aliyepata miaka saba, alipelekwa Goa, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, akarejeshwa kutawala mwaka 1626. Tarehe 16 Agosti 1631 alimwua kapteni akaitwaa ngome. Wareno waliizingira mwaka 1632 wakashindwa. Naye akaibomoa, akaondoka kwa hiari yake, akawa mtu wa baharini mpaka alipokufa mwaka 1638. Basi jiwe lajisifu kwa kujenga upya, wala halisemi ni nani aliyebomoa, wala kwa nini.

Je, tumsifu Yusuf? Tusifanye haraka. Aliwaua pia Wakristo wasio na silaha, Wareno na Waafrika, waliokataa kuiacha dini yao. Neno dhalimu lamstahili. Kosa la jiwe ni kumpa yeye peke yake neno hilo, huku likijivunia damu ya Pemba.

Sasa shika kalamu, utunge maneno ya jiwe la pili, mistari kumi tu. Uwataje wote, na wale waliouawa uwape nafasi yao.