Pongezi kwa Bibi Éliane Radigue

Miongoni mwa mafundi walioutia muziki wa umeme utulivu na taadhima, simjui astahiliye pongezi kuliko Bibi Éliane Radigue, mzaliwa wa Paris mwaka 1932, ambaye, baada ya kuifanya kazi hiyo New York mwanzoni mwa miaka ya 1970, alirejea kwao Ufaransa na sinthesaiza ya ARP 2500, akaiacha nyuma kibodi yake kwa makusudi, ili vidole visishawishike kuzifuata tuni za mazoea.

Mashine ile aliiweka nyumbani mwake; na humo faraghani, kwa vifundo vya kuzungusha na utepe wa sumaku, aliunda sauti zibadilikazo polepole mno, hata msikilizaji asitambue ni wakati gani zilipogeuka. Mitetemo miwili iliyokaribiana sana kwa kasi, ikisikika pamoja, huzaa mapigo mengine yenye kupanda na kushuka kama pumzi za aliyelala. Naye alikisogeza kifundo kwa kiasi cha unywele, kisha akangoja. Kosa moja katikati ya utepe lilitosha kumlazimu kuanza upya, na kwa subira hiyo, naungama, namhusudu.

Katika kazi yake Trilogie de la Mort, ya takriban saa tatu, aliyoikamilisha mwaka 1993, mna majonzi ya mama aliyefiwa na mwanawe, wala hamna kilio. Baada ya L'Île re-sonante, ya mwaka 2000, akawageukia wapigaji wa ala zisizotumia umeme, akiwafunza usikivu uleule.