Usiku wa Lita Tano

Jioni ya disko mjomba hakuanza na muziki. Alianza na petroli. Alichukua kidumu cha lita tano, akakiinua kuelekea jua la magharibi, akakitikisa karibu na sikio kama mtu anayechagua dafu, kisha akatoa hukumu: "Mjomba, leo tuna saa tano. Saa mbili mpaka saa saba. Baada ya hapo kila mtu kwa mama yake."

Hiyo ilikuwa Kang'ata, wilayani Handeni, mwaka 1987. Nilikuwa na miaka kumi na sita na kazi yangu ilikuwa kubeba nyaya. Jenereta lake dogo, ukilitwisha spika zote na taa, lilikunywa kama lita moja kwa saa, na hakukuwa na duka la kwenda kuomba nyingine usiku wa manane. Kejeli ni kwamba umeme wenyewe tulikuwa jirani nao. Kituo cha Hale, kule Korogwe, kilikuwa kinazalisha megawati 21 kwa maji ya Mto Pangani tangu 1964, na nyaya zake zilikatiza mapori kwenda kuwasha Tanga na Dar es Salaam. Sisi tulizipita kwa miguu, tukazisikia zikivuma, tukarudi nyumbani kuwasha vibatari.

Siku hizi nikikutana na watu wa rika langu, labda tumekwama Segera tukisubiri basi, hazipiti dakika kumi mtu anaanza: zamani bwana, tulikuwa tunajimwaga. Watataja pekosi, watataja raizoni na nywele za afro, ingawa ukweli ni kwamba hivyo vyote vilivaliwa na kaka zetu, sisi tulikuta picha ukutani. Watasema kulikuwa na uhuru. Wanausema uhuru huo kama vile ulikuwa mvua ya vuli, ulishuka wenyewe, ukakatika wenyewe. Mimi nilikuwa nyuma ya spika. Nilimwona aliyeutengeneza, tena kwa mikono, na kwa vifaa ambavyo leo mtoto wangu asingeviokota jalalani.

Na yeye mwenyewe hakucheza. Katika misimu yote niliyombebea nyaya, mtu pekee uwanjani ambaye raba zake nyeupe zilirudi nyumbani nyeupe alikuwa ni yeye.

Alijifunza ufundi redio Korogwe mjini, kwenye kibanda cha kutengeneza redio na pasi, enzi ambazo redio ikiharibika ilikuwa msiba wa ukoo mzima. Spika zake aliziunda mwenyewe. Boksi alilipigilia kwa mbao, ndani akalitandika magunia ya katani yaliyokatwakatwa ili sauti isirudi kama ya mtu aliye pipani. Karatasi ya spika ikichanika, na zilichanika kila wiki, alibandika vipande vya gazeti kwa gundi nyembamba, akapuliza, akaanika kivulini. Juani hapana, juani karatasi hukunjamana na besi ikatoka kama mtu mwenye mafua. Balbu alizipaka rangi ya kucha, nyekundu na ya waridi, hadi shangazi akaanza kuificha chupa yake. Lile duara la vioo linaloning'inia na kurusha nyota ukutani, ambalo wa mjini walinunua, yeye alilifanya kwa kibuyu. Alibandika vigae vya kioo kilichovunjika, kimoja kimoja, akakitundika kwa kamba ya mkonge. Upepo ndio ulikizungusha. Usiku usio na upepo alinipa mwanzi nikisukume.

Lakini ufundi hasa ulikuwa kwenye kaseti. Alikuwa na deki mbili, za kampuni mbili tofauti, na moja ilikimbia zaidi kidogo kuliko mwenzake, kwa hiyo alijua wimbo upi unaweza kupigwa upande upi bila mwimbaji kugeuka mtoto. Alikataa kaseti za dakika 90. Mkanda wake mwembamba, alisema, unaliwa. Alitumia za dakika 60, nusu saa kila upande, karibu mita tisini za mkanda mwekundu uliokolea kama chai ya rangi. Ulipoliwa aliuchomoa taratibu kwa kijiti, akakata palipokunjamana kwa wembe, akaunga kwa selotepu nyembamba kuliko ukucha. Wimbo ukirudi ulikuwa umepungua neno moja. Watu wa Kang'ata walizoea hata kuucheza ule upungufu. Wakifika pale waliruka kidogo, wote kwa pamoja, na mgeni kutoka Tanga alijulikana kwa kutoruka.

Mfukoni alikuwa na daftari la shule. Kila kaseti ilikuwa na ukurasa wake, na kila wimbo una namba: 000, 064, 131, zile tarakimu tatu ndogo zinazozunguka kwenye dirisha la deki. Wakati deki ya kulia inatikisa uwanja, ya kushoto ilikuwa inarudishwa nyuma kimya kimya kuifukuzia namba. Hakuwa na spika za masikioni. Aliinama, akaweka sikio juu kabisa ya mashine, kiganja kimeziba sikio la pili, akasikiliza mwanzo wa wimbo katikati ya zogo lile lote. Halafu vidole viwili kwenye vifundo viwili vya sauti, huyu anashuka, yule anapanda, na mchezaji hajui kama amekabidhiwa kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Betri zilipotumika kujaribia kaseti mchana alizianika juu ya bati zipate uhai kidogo, na kurudisha mkanda alitumia kalamu ya Bic ili asizichoshe. Kila kitu kilipimwa. Hapo ndipo ninapowashangaa wanaosema enzi ile ilikuwa ya kuponda raha bila hesabu.

Nchi nayo ndiyo kwanza ilikuwa inapumua. Oktoba 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 minisketi, mawigi na suruali za kubana zikawa vita mitaani Dar es Salaam. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, na santuri zetu zilikuwa zikichapwa huko huko Kenya. Ikaja vita ya Uganda, ikaja foleni ya sabuni. Ndipo Mzee Mwinyi akashika nchi mwaka 1985, watu wakambatiza Mzee Ruksa, na mitumba ikaingia na kaseti zikaingia nayo. Televisheni huku Bara haikuwapo mpaka 1994. Kwa hiyo densi ya breki tuliijua kwa mtu aliyeona filamu ya Beat Street kwenye video ya jirani huko Korogwe akaja kutusimulia kwa viungo. Nusu ya mitindo yetu ilikuwa kosa la kusikia.

Nimesoma baadaye kwamba tarehe 12 Julai 1979, huko Chicago, mtangazaji mmoja wa redio alikusanya shehena ya santuri za disko katikati ya uwanja wa besiboli wa Comiskey Park akazilipua, na maelfu ya watu wakavamia uwanja wakishangilia. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mjomba akitembea kutoka Kang'ata hadi barabara ya lami kwenda kuazima kaseti moja ya Boney M., ameiviringisha kwenye leso kama dawa. Wao wanalipua, sisi tunaazima. Na hao Boney M. wana kisa chao. Yule kijana aliyekuwa akijinyonganyonga jukwaani, Bobby Farrell, sauti nzito ya kiume iliyosikika kwenye santuri haikuwa yake. Ilikuwa ya mtayarishaji wao Mjerumani, Frank Farian, aliyejificha studio. Mjomba aliambiwa hilo na dereva mmoja wa lori. Hakukasirika. Alicheka, akasema, "Kumbe huyo mzungu na mimi ni kazi moja."

Uwanja wenyewe ulizungushiwa magunia ya katani yaliyoshonwa, juu wazi, chini udongo mwekundu. Ndiyo maana ya jina disko vumbi. Nyimbo tatu tu na hamwonani. Dawa ya vumbi ni maji, na hapa ndipo Handeni inapokuchekea, kwa sababu Handeni ni nchi ya kiu. Bomba kubwa la wilaya, HTM (Handeni Trunk Main), linavuta maji kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, na ahadi zake tulizijua zaidi kuliko maji yake. Sisi tulichota lambo, tukagombania na ng'ombe. Kumwaga ndoo ishirini za maji ardhini ili watu wacheze ilikuwa kufuru, na bibi alimwambia hivyo waziwazi, mbele ya wageni.

Mjomba akabuni njia. Wavulana walilipa kiingilio kwa shilingi. Msichana aliyekuja na ndoo ya maji aliingia bure.

Ilifanya kazi ajabu. Saa kumi na mbili na nusu msururu ulikuwa unatoka lamboni, ndoo vichwani, na ndani ya kanga ya juu kuna gauni la disko. Kila mama alikuwa ameambiwa ukweli: nakwenda kuteka maji. Mlangoni walitua, mjomba akayanyunyiza yale maji kwa kopo lililotobolewa tundu, kwa mkono wa mtu anayepanda mchicha. Yakizidi ni tope, yakipungua ni vumbi. Alitafuta ule unyevu ambao mguu unanata na kuteleza kidogo. Kisha muhuri wa wino kiganjani. Wavulana wazamiaji waliviziana nje, mwenye muhuri mbichi akalowesha kiganja kwa mate, akambandika mwenzake kama wanasalimiana.

Kwa muda mrefu nilikisimulia kisa hiki cha ndoo kama kichekesho. Sasa nina mabinti, na hesabu imenibadilikia. Mvulana alilipa noti aliyopewa kwa gunia la mahindi alilobeba mara moja. Msichana alilipa kwa mwendo wa lamboni kwenda na kurudi, halafu akalipa tena alfajiri kama mama aligundua. Na wale waliopata mimba waliondolewa shule, na waliowapa mimba wakaendelea na masomo. Wenzangu wa Segera wanaposema kulikuwa na uhuru, huwa naangalia nani anasema. Sijawahi kumsikia mwanamke wa rika letu akilisema neno hilo bila kutaja, ndani ya sentensi hiyo hiyo, fimbo.

Wapo pia wanaomlaumu fundi kama mjomba kwamba ndiye aliyeua bendi. Sikubaliani nao sana. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, zile za Tanga, zilikuwa fahari ya mkoa, na mishahara ya mwisho wa mwezi kwenye mashamba ya mkonge ndiyo iliyojaza kumbi. Mkonge uliporomoka baada ya miaka ya sitini na mishahara ikaporomoka nao; lori la wanamuziki kumi na wawili halipandi hadi Kang'ata kwa kiingilio cha ndoo. Mjomba alipanda, kwa baiskeli mbili na punda wa kukodi. Na kila usiku, ugomvi ulipotaka kuzuka, hakuzima taa wala kuita mgambo. Aliweka wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, marehemu tangu 1979, na waliokunja ngumi wakazikunjua, maana nani atapigana mbele ya Mbaraka?

Siku hizi muziki haukatiki. Wachimbaji wa dhahabu wamejaa vilima vya Magambazi, baa zina umeme, simu moja ina nyimbo nyingi kuliko daftari zima la mjomba, na spika ya kuchaji inapiga mpaka jogoo anakata tamaa. Sina ugomvi nayo. Ninachokikosa ni ile robo saa ya mwisho. Mjomba alikuwa akisikia mlio wa jenereta ukibadilika kabla yetu sote. Koo linakauka, alisema. Hapo alipunguza taa, akabakiza balbu moja nyekundu, akaweka bluzi. Watu walijua. Mvulana aliyekuwa akiogopa tangu saa mbili alivuka uwanja sasa au asivuke tena hadi Idi Pili ijayo. Nimeona ndoa tatu zikianza kwenye petroli ya chini ya kidumu.

Usiku mmoja alikosea. Sijui kama petroli ilikuwa imechanganywa na mafuta ya taa au kidumu kilivuja njiani. Saa nne na nusu jenereta lilikohoa mara mbili likanyamaza. Giza. Watu wamelipa, tena wageni wametoka mbali. Nilisikia mluzi, halafu mtu akadai hela yake, na wa pili akapaza sauti zaidi. Mjomba alikuwa ameketi kwenye sanduku la kaseti, anarudisha mkanda kwa kalamu gizani, kana kwamba akiumaliza umeme utarudi.

Ndoo ndiyo iliyoanza. Msichana mmoja alikuwa ameigeuza yake chini juu akaikalia. Akaanza kuipiga kwa viganja, taratibu, mdundo wa selo, ngoma ya bibi zetu. Ya pili ikaitikia. Baadaye zote zile zilizokuwa zimepangwa kando ya magunia, madebe na ndoo za bati, zikawa zinalia, na makofi juu yake, na ile sauti ya wanawake inayopanda peke yake bila kuazima waya wowote. Nikamtafuta mjomba nimwulize tufungashe au tusubiri. Sandukuni palikuwa na kaseti tu, na kalamu bado imechomekwa kwenye tundu.

Asubuhi raba zilikuwa zimeanikwa juu ya bati, pembeni ya betri. Zilikuwa nyekundu mpaka kwenye kamba.