Yule Anayeanzisha Wimbo

Huko Kama, kusini-mashariki ya Kindu, kama ilivyo katika shule za Kongo nzima, siku ya masomo inaanzia mbele ya mlingoti. Watoto wa sare nyeupe na bluu wanajipanga mistari, bendera inapanda, na mwalimu mmoja anafungua kinywa kabla ya wote. Jicho langu liko kwake.

Hana kinanda wala filimbi ya kumpa sauti. Anaitoa kifuani mwake, na hapo ndipo ufundi unapojulikana. Akianzia juu, wakifika kwenye kiitikio wakubwa wa darasa la sita wamekabwa koo na wadogo wanapiga kelele tu. Akianzia chini, darasa la kwanza linavuma kama nyuki mzingani. Mzoefu huusikia mwisho wa wimbo kabla hajauanza. Hushusha mabega, huvuta pumzi ambayo watoto wanaiona, na ile pumzi ndiyo amri: uwanja mzima unaingia pamoja.

Tena wimbo wenyewe, wimbo wa taifa Debout Congolais, ni Kifaransa kitupu, na mtoto wa miaka 6 ametoka nyumbani na Kiswahili na Kirega chake. Kiswahili kina irabu 5. Kifaransa kina nyingine za kubana midomo na nyingine za kupitisha puani. Mwalimu hakimbilii maana. Anakata mstari vipande, anatamka, wanaitika. Anatamka tena, wanaitika. Neno linaloishia kwa konsonanti wanalitilia irabu ya nyumbani, naye analirudia mpaka irabu hiyo idondoke yenyewe. Subira ya namna hii naifananisha na ya msuka mikeka.

Historia nayo imemwongezea kazi. Wimbo huu, maneno ya Joseph Lutumba na muziki wa padri Simon-Pierre Boka, uliingia na uhuru mwaka 1960. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliipa nchi jina la Zaire, ukaja La Zaïroise, nao wa Boka huyo huyo. Mwaka 1997 ule wa kwanza ukarudi. Ndiyo maana bibi na mjukuu wanaweza kuuimba pamoja barazani, na mama aliyesoma katikati akababaika maneno. Na walimu wa 1997 walikuwa na kazi ya kuung'oa midomoni mwa watoto wimbo waliokuwa wameupanda wenyewe.

Asidhani mtu kwamba kufundisha kwa sikio ni umaskini wa karatasi. Kule Kamina, katika Katanga ya zamani, walimu na wanafunzi wa padri Guido Haazen waliifanya misa ya kuimbwa, Missa Luba, kwa kuimba na kubuni pamoja, bila noti zilizoandikwa, na rekodi yao ya 1958 ikazunguka dunia.

Desturi ya Kongo ni kwamba bendera ikipanda, mpita njia husimama. Basi ukipita na baiskeli yako kando ya shule saa hiyo, shuka, simama, umtegee sikio yule anayeanza.