Taa Juu ya Kiango: Ben R. Mtobwa na Chemchemi ya Hadithi Zake

Walimu wengi, wamwonapo kijana akificha chini ya daftari lake hadithi ya upelelezi, humnyang'anya na kuifungia kabatini. Wako pia wasemao ya kuwa afadhali kijana asome hizo kuliko kutosoma kabisa. Maneno haya yatuhusu sisi tufundishao Kasanda, Kibondo na Kasulu kuliko wengine, kwa kuwa mmoja wa mabingwa wa hadithi hizo katika Kiswahili ni mzaliwa wa Mkoa wa Kigoma. Basi haifai kumhukumu kabla ya kumjua.

Ben R. Mtobwa alizaliwa mwaka 1958, akafariki mwaka 2008. Alikuwa mwandishi, tena mchapishaji, naye ndiye aliyeanzisha Heko Publishers huko Dar es Salaam. Katika nchi ya Waha lugha ya nyumbani ni Kiha. Kiswahili kilipanda huku kwa biashara ya Ujiji, kwa shule za misheni, kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, na kwa vijana waliorudi kutoka mashamba ya katani walikokwenda kuwa manamba. Kiswahili cha Mtobwa chafanana na njia hizo: si kile cha washairi wa pwani, bali ni cha darasani na cha mjini, chepesi, chenye sentensi fupi. Aliye mgeni wa lugha hakwami.

Watu husema ya kuwa hadithi za namna hii zimeigwa kutoka Ulaya. Neno hili ni kweli nusu. Ian Fleming wa Uingereza, aliyekuwa ofisa katika idara ya upelelezi wa jeshi la majini wakati wa Vita ya Pili, alitoa kitabu chake cha kwanza cha James Bond mwaka 1953, na vitabu vyake vikaenea dunia nzima. Lakini Mtobwa alikuwa na watangulizi karibu zaidi. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Mwaka 1974 Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona, na ndani yake jasusi Willy Gamba atumwa Nairobi kutafuta nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa Dar es Salaam. Umbo la hadithi lilitoka ng'ambo. Jambo lenyewe lilikuwa la hapa.

Tena jambo hilo halikuwa ndoto. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Katika mji huo huo Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililotumwa katika kifurushi cha kitabu. Mwezi Mei 1986 majeshi ya Afrika Kusini yalishambulia Harare, Lusaka na Gaborone kwa siku moja. Mtobwa aliyaona mambo haya katika ujana wake. Akiandika katika Tutarudi na Roho Zetu? jinsi Joram Kiango na mwenzake Nuru wanavyopambana na watawala wa ubaguzi, hawazi adui asiyekuwako. Hofu iliyomo kitabuni ilikuwamo mitaani.

Hapa yafaa kuyatazama maneno mawili. Jasusi ni mtu achukuaye siri za watu kwa hila, na jina hili mara nyingi lina harufu ya lawama. Mpelelezi ni mtu achunguzaye mpaka ajue. Biblia ya Kiswahili yatumia neno hili la pili kwa watu wawili waliotumwa Yeriko, wakapata hifadhi katika nyumba ya Rahabu. Joram ni yote mawili: adanganya, ajivika sura isiyo yake, lakini shabaha yake ni kufunua.

Na tuyaangalie majina. Kiango ni kile kitu kinachowekwa taa. Wasomaji wetu walijua neno hili katika Injili ya Mathayo, sura ya 5. Mwenzake Joram aitwa Nuru. Katika Pesa Zako Zinanuka mtu atafutaye utajiri kwa njia ya haramu aitwa Kandili, nayo kandili ni taa. Ila hii yatoa moshi kuliko mwanga. Hatusemi ya kuwa mwandishi alikusudia kufundisha Injili. Twasema tu ya kuwa majina ya mwanga yamerudiwa mno kuwa bahati tupu, na kwamba yaonyesha alivyoielewa kazi ya mpelelezi: kuinua taa mahali ambapo wakubwa wapenda giza.

Makosa yako, wala si madogo. Damu yamwagika kwa wingi hata kifo chakosa uzito. Msomaji ahesabu maiti badala ya kuwalilia. Wanawake wasifiwa uzuri wa sura kwanza, na akili baadaye. Joram huokoka mara nyingi kwa bahati isiyosadikika. Zaidi ya hayo, uongo wake haumgharimu kitu moyoni: adanganya hata wampendao, kisha hadithi yapita mbio bila kuuliza kama njia hiyo ilikuwa halali. Hili ndilo pungufu kubwa, maana swali hilo ndilo lililo rohoni mwa kazi ya upelelezi.

Lakini swali ambalo kitabu hakikuliuliza, mwalimu aweza kuliuliza. Tukikifungia kabatini, kijana atakisoma gizani peke yake, na atajifunza hila tu. Tukikisoma pamoja naye, tutaweza kumwuliza: je, Joram alikuwa na haki ya kusema uongo? Rahabu naye? Ni nani aliyeumizwa, na ni nani aliyeokolewa? Kwa wanafunzi wakubwa, na kwa kuchagua sura zifaazo, somo hilo ni la lugha na la dhamiri pia. Mtoto wa Kigoma atajua tena ya kuwa mtu wa mkoa wake aliweza kuishika lugha ya taifa zima na kuitumikisha. Hilo pekee latosha kukitoa kitabu kabatini.